Kungoja Nafasi ya Swabra

"Mtoto wako anapenda nini?"

Mwalimu Mbithe aliniuliza swali hilo kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Nilikuwa nimekumbatia mfuko wenye karatasi zote za hospitali, nimezipanga toka ya kwanza hadi ya mwisho, tayari kujibu. Angeuliza dawa, ningemtajia. Angeuliza kifafa humwanzia mkono upi, jicho hugeukia wapi, hulala muda gani baada ya kutetemeka, ningemjibu bila kufungua mfuko. Lakini anapenda nini? Nilimtazama binti yangu aliyekuwa sakafuni akivuta uzi wa zulia. Nikamtazama Athman, mume wangu. Athman akakohoa.

"Anapenda kutulia," nikasema.

Hilo halikuwa jibu, na sote tulijua. Mwalimu hakunicheka. Alisema tu, "Sawa. Basi tumwangalie. Nyinyi kaeni, msimsaidie."

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe unayetafuta shule ya mtoto kama wangu, ambaye leo labda umekaa kwenye benchi mahali fulani na mfuko kama ule. Sitakueleza kifafa ni nini. Wapo waliokisomea, na hata wao nimewaona wakibishana mbele yangu. Nitakueleza tulivyongoja, maana katika ugonjwa wa mtoto kungoja ndiyo kazi yenyewe, na hakuna anayekufundisha.

Swabra alikuwa hajatimiza miaka miwili alipopata homa, katika lile joto la kaskazi ambalo kuta za nyumba zetu za Mji wa Kale hulihifadhi hata jua likishatua. Tunaishi ghorofani, nyumba ya ukoo wa Athman, pamoja na mamake, Bi Maimuna, na dadake mdogo, Rukia. Mtoto alikakamaa mikononi mwangu, macho yakapanda juu, mate yakamtoka. Bi Maimuna akafunga madirisha yote mbio. Alisema ni dege, yule ndege wa kishetani anayepita juu ya paa na kuwapokonya watoto fahamu.

Mimi nimesomea kemia. Nafanya kazi maabara moja karibu na Kilindini, tunapima sampuli za chai na mafuta ya kupikia kabla shehena hazijaruhusiwa kutoka. Nimezoea kuuliza.

"Mama, huyo ndege nani amemwona?"

"Na hiyo homa yako," akanijibu huku akifunga dirisha la mwisho, "wewe umeiona ina rangi gani?"

Tulikwenda hospitali na hirizi shingoni mwa mtoto. Nesi aliikata kwa makasi ili apate mshipa, akanirudishia kwa adabu, imefungwa kwenye pamba. Nikaambiwa ni homa tu, atakua, nayo itaisha. Haikuisha. Ilirudi bila homa, kisha ikawa ikirudi inapotaka.

Tangu hapo sikuhesabu tena misimu kwa mvua na joto. Nilihesabu kwa dawa. Kusi ya mwaka ule ilikuwa ya dawa ya maji, iliyomlaza Swabra mchana kutwa hata nikawa namtikisa nione kama anapumua. Mvua za vuli zilikuwa za kidonge cheupe: fizi zikavimba, meno yake mapya yakazama ndani ya nyama, akawa analia akiona kijiko. Kaskazi iliyofuata ilikuwa ya dawa ya tatu, iliyomtia hasira asiyokuwa nayo. Alimuuma Rukia mkono, na Rukia alipoulizwa na majirani alisema ameumwa na paka. Maneno machache aliyokuwa nayo mtoto, maji, baba, paka, yakapotea. Sikumbuki siku niliyosikia la mwisho. Hakuna anayejua kwamba hili ndilo la mwisho, kwa hiyo hakuna anayelisikiliza vizuri.

Alitembea akiwa amechelewa, akiburura mguu wa kulia.

Kwenye vyumba vya kungojea nilijifunza kuwatazama wazazi wengine kwa pembe ya jicho. Kila mmoja humpima mtoto wa mwenzake. Huyu anashika chupa mwenyewe, wangu hashiki. Yule hawezi kukaa, wangu anakaa. Unamshukuru Mungu kwa sababu mbaya kabisa, kisha unaona haya, kisha jina lako linaitwa.

Siku moja walimfanyia kipimo cha ubongo. Walimbandika nyaya kichwani kwa gundi nyeupe, wakatoa karatasi yenye mistari mingi kuliko nilivyoweza kusoma. Tuliporudi nyumbani Bi Maimuna aliketi na mafuta ya nazi, akaanza kuitoa ile gundi nywele kwa nywele, akisoma aya polepole. Wakati ule sikuiamini ile mistari wala sikuziamini zile aya. Lakini nilimwona Swabra akilala mapajani pa nyanya yake, kinywa wazi, vidole vimelegea, kwa mara ya kwanza siku ile. Hilo nililiona kwa macho yangu, na likanitosha.

Kwa hiyo tukapatana, mimi na mama mkwe. Asubuhi yeye alimnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya marashi. Niliangalia vilivyomo, nikaona havitamdhuru. Kidonge nilimpa mimi. Hatukuulizana ni kipi kilichofanya kazi.

Daktari wa mwisho tuliyemwona alikuwa mtu mpole. Alimwita Swabra jina lake, akapiga makofi nyuma ya sikio lake, akamwonyesha mpira na kumwambia aulete. Swabra akatazama feni.

"Hana lugha," akatuambia. "Anatambua sauti, upole na ukali. Maneno hayaelewi."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Uzoefu, mama."

Athman alinikanyaga mguu chini ya meza.

Shule ya chekechea ilimrudisha baada ya kuanguka mara mbili darasani, wazazi wengine wamelalamika. Madrasani, ustadhi alituambia kwa upole kwamba mtoto wa namna hii hana lawama mbele ya Mungu, tusijisumbue. Nikamuuliza, ikiwa yeye hana lawama, ni nani basi mwenye lawama ya kumfundisha? Alitabasamu, akasema atatuombea. Athman hakuwa na mguu karibu siku ile, vinginevyo ningekanyagwa tena.

Shule ya elimu maalum niliisikia kwa mwenzangu wa kazini. Ni ya watu binafsi, katika nyumba ya zamani upande wa Tudor, yenye ua na bembea. Watoto ni wachache kwa kila mwalimu, na hilo ndilo jema lake na ndilo tatizo lake, maana nafasi pia ni chache. Nilipopiga simu niliambiwa mambo mawili. Kwanza, mtoto ataangaliwa. Pili, hawaanzi na mtoto aliyekwisha kutimiza miaka saba, kwa kuwa wakubwa wana shule nyingine na walimu wengine. Swabra angetimiza saba masika yakianza. Ilikuwa Januari.

Shule hizo nyingine nilizitafuta. Ya karibu ilikuwa bara, ng'ambo ya Makupa, ya bweni. Nilijaribu kuwaza Swabra akitetemeka katika kitanda cha bweni, na mtu asiyejua ni mkono upi unaotangulia. Nikaacha kuwaza.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi kuliko shuleni. Rukia alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kulikuwa na watu waliokwisha kutuma maneno ya posa. Watu wazuri, wa ukoo unaojulikana. Bi Maimuna alikuwa akitembea na furaha yake kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa.

"Na huyo mtoto atakwenda shule na nini?" akaniuliza jikoni, Rukia akikaanga mahamri.

"Shule ina gari, mama. Litasimama barabarani, kule linakoweza kufika. Sisi tutamtembeza mpaka pale."

"Gari lililoandikwa?"

"Limeandikwa jina la shule."

"Na chini ya jina?"

"Elimu maalum."

"Maalum." Alilirudia neno hilo kama anayeonja chumvi. "Wadhani watu hawajui kusoma? Wataka kila asubuhi tupite mbele ya baraza zote, tukitangaza. Nina binti wa kuoza, Salma."

"Waambie waandike na jina langu hapo chini," Rukia akasema bila kugeuka. "Posa zitakuja zenyewe, na namba ya simu wanayo."

"Wacheka. Watu wataka damu safi."

"Damu ya Swabra nimeipimisha mara nyingi kuliko ya mtu yeyote mtaa huu, mama," nikasema. "Haina kitu."

Athman aliingia wakati ule, akanusa, akajua si mahamri tu yaliyokuwa motoni. "Mama, tutazungumza," akasema.

"Babako hakuwa akisema tutazungumza. Alikuwa akizungumza."

Lazima nikueleze pia desturi moja ya nyumba yetu, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Nyumba zetu zina chumba cha ndani kabisa, ambacho mgeni haingii. Mtu akipiga hodi pale chini ya ngazi, Bi Maimuna huinuka, humshika Swabra mkono, humpeleka chumba cha ndani, humkalisha kwenye mkeka na kumpa tende. "Tulia, mwanangu. Wageni." Kisha hurudi kukaribisha. Alisema anamkinga na macho ya watu, mato kama asemavyo mwenyewe, kwani mato ya watu ni mabaya. Sikuwa na hakika kama anamkinga mtoto na watu au watu na mtoto. Posa ilipoanza kuzungumzwa, hodi zikaongezeka, na tende zikaongezeka. Mimi nilikuwa kazini mpaka baada ya alasiri, na kwa kusema kweli nilikuwa na vita vya kutosha.

Siku ya kwenda kuangaliwa, Bi Maimuna ndiye aliyemwandaa. Alimvika gauni la Idi, akampaka wanja, akamfukiza udi hata ngazi zote zikanukia.

"Mama, si harusi."

"Akikataliwa," akasema, "asikataliwe kwa uchafu." Naye akavaa buibui lake. "Nitakwenda nami. Siwaamini."

Kwa hiyo tulikuwa watu wazima wanne katika kile chumba: mimi, Athman, Bi Maimuna dirishani, na Mwalimu Mbithe sakafuni karibu na Swabra. Mwalimu ni Mkamba, mtu wa makamo, sauti nzito, mwenye subira ya kukasirisha. Alimwita Swabra. Swabra akavuta uzi wa zulia. Akampa mpira, mdoli, kengele. Swabra akavuta uzi. Akaimba. Uzi. Kila kitu ambacho daktari alituambia kilikuwa kikitokea tena, mbele ya mtu ambaye mkononi mwake ndimo ilimokuwa nafasi. Nilitaka kushuka sakafuni niusukume mkono wa mwanangu kwenye ile kengele.

"Msimsaidie," mwalimu akasema tena, bila kunitazama.

Kisha mpishi wa shule akaja mlangoni na sinia la chai. Alikuwa na adabu ya kwao. Hakuingia tu. Akagonga, akasema, "Hodi."

Swabra akaachia uzi. Akasimama. Akatupita sote, mguu ukiburura, akaenda hadi mlango wa pili mwisho wa chumba, uliokuwa wa ghala la mikeka na mipira, akaingia. Nilimfuata kwa macho. Alikaa sakafuni gizani, miguu imenyooka, akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, akangoja.

Mpishi alidhani amefanya kosa, akataka kurudi na chai yake.

"Nani amemfundisha hivi?" Mwalimu Mbithe akauliza.

"Mimi," Bi Maimuna akasema.

Nilikuwa nimesimama. Kitu kilikuwa kikinienda kifuani, na sikutaka kukiamini kabla ya kukipima. Nimewaona watu wengi wakiamini sampuli moja. "Naomba irudiwe," nikasema.

Mwalimu alinitazama kwa mara ya kwanza siku ile kama mtu anayenijua. "Irudiwe vipi?"

Tukamrudisha Swabra zuliani. Nikamwomba Athman atoke nje, agonge vile vile, aseme kwa sauti ile ile, "Chai." Akasema. Swabra akavuta uzi. Nikamwomba mpishi aseme, "Karibu." Uzi. Nikatoka mimi mwenyewe, sikugonga, nikasema polepole, chini kabisa, karibu kwa kunong'ona, kama mtu anayemwambia mwenzake siri. "Hodi."

Nilipochungulia alikuwa amekwisha kufika nusu ya chumba.

Athman aliniegemea begani palepale barazani mwa shule, mwanamume mzima, hakumjali mpishi. Haelewi maneno, tuliambiwa. Na kumbe neno moja alikuwa nalo muda wote, nalo lilikuwa neno la kumficha.

Bi Maimuna alikuwa amevuta buibui mpaka machoni. "Mimi n'kidhani namficha," akasema, hamwambii mtu. "Kumbe yuwanisikia."

Mwalimu Mbithe aliingia ghalani akaketi karibu na Swabra. Aliuliza kuna nini kinachowekwa kwenye ule mkono. Nikamwambia.

"Basi lile swali langu limejibiwa, Mama Swabra. Anapenda tende." Akamfuta mtoto mate kwa kiganja chake. "Analijua neno, anajua la kufanya, anajua haki yake. Hapa pana pa kuanzia. Tutamchukua."

Nilianza kushukuru. Akainua mkono.

"Tutamchukua nafasi ikipatikana. Leo haipo."

Hapo ndipo kungoja kwa kweli kulipoanza. Kabla ya siku ile nilikuwa nangoja nisichokijua. Sasa nilijua kilipo, kina ua na bembea, na kuna mtu mle ndani anayejua jinsi ya kuketi ghalani na mwanangu. Nilipiga simu kila wiki. Baadaye mara mbili kwa wiki. "Bado, mama," mwalimu alisema kila mara, na hakuwahi kuonyesha kuchoka, jambo lililonifanya nimshuku. Labda wameniweka tu? Labda nafasi wanapewa wenye majina? Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, "Uliza tu, mama. Lakini bado."

Ramadhani ikaingia. Alasiri moja, nyumba nzima ikinukia viazi na nazi, Swabra alianguka kati ya jiko na ngazi, na safari hii hakuacha kutetemeka. Athman alimbeba hadi barabarani, Rukia akitangulia kuwaondoa watu njiani. Adhana ya magharibi ilitukuta kwenye benchi la hospitali, mlango umefungwa, sisi upande huu. Mwanamke nisiyemjua aliyekuwa akimngojea mumewe alifungua kifuko chake, akanipa tende moja na chupa ya maji, akanishikisha mkononi kwa sababu aliona sitaipokea. "Fungua saumu, dadangu. Kungoja na njaa ni kungoja mara mbili." Sikupata kumwona tena. Walipotuita, Swabra alikuwa amelala, mdomo umechanika, yu hai.

Nyumbani, Athman alisema shule isiambiwe. "Watasema hali yake si nzuri. Watampa mwingine."

"Na akianguka kule, nao hawajui?"

"Salma, zimebaki wiki chache tu atimize saba."

Hatukusemezana hadi siku ya pili. Alikuwa amekonda mwezi ule, Athman, na haikuwa funga peke yake. Nilimwonea huruma na nikampinga vilevile. Nilipiga simu nikamweleza mwalimu kila kitu. "Nafasi bado haijapatikana," akasema, "kwa hivyo hata nikitaka sina cha kukunyang'anya. Siku utakayomleta, tufundishe kumpa dawa yake ya dharura." Sikujua nicheke au nilie. Nilimsimulia Athman. Yeye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame.

Baada ya Idi wale watu wa posa walikuja, wanawake wanne, wamejifukiza. Nilikuwa nyumbani. Hodi ikapigwa chini ya ngazi, na Swabra akasimama kama kawaida yake. Bi Maimuna akamshika mkono. Nikangoja ampeleke. Hakumpeleka. Alimvuta akamkalisha karibu naye, palepale kwenye busati la wageni, akamtia tende mkononi.

Wakaingia. Salamu ndefu, za mzee, za mtoto, za walio mbali. Kisha mkubwa wao akatazama. "Na huyu?"

"Mjukuu wangu. Hasemi," Bi Maimuna akasema, "lakini yuwasikia kila kitu. Kwa hivyo semeni mazuri."

Walisema mazuri, wakala, wakaondoka. Hawakurudi, wala hawakutuma neno. Kama ni kwa sababu ya Swabra, au ya mahari, au kijana mwenyewe alikuwa na lake moyoni, mpaka leo hatujui, nami si mtu wa kujaza pengo kwa dhana. Rukia alilia siku moja, akaosha uso, akasema afadhali wamekataa kabla hajawapikia. Bi Maimuna hakumlaumu mtu. Nilingoja anilaumu. Nilikuwa hata nimeandaa majibu.

Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya bandari. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa maabara, nimeshika chupa ya mafuta ya mawese, simu ikalia.

"Mama Swabra. Nafasi imepatikana. Mlete Jumatatu."

Niliiweka ile chupa chini kwanza. Nikauliza. Unajua sasa kwamba mimi huuliza. Aje na viatu vya namna gani, alale wapi akichoka, nani atakaa naye mezani, nani atashika dawa, hospitali ya karibu ni ipi, gari litapita saa ngapi, dereva anaitwa nani, tende zinaruhusiwa? Mwalimu alijibu yote, moja baada ya jingine. Sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida. Nilidhani ana mafua.

Jumatatu mvua ilinyesha. Bi Maimuna alitangulia mbele na mwavuli, mimi nyuma na Swabra. Kila baraza tuliyopita aliisalimu yeye kabla haijatusalimu. "Sabalkheri, Bwana Swaleh. Twenda shule." "Sabalkheri, wanangu. Twenda shule." Alifanya hivyo kila asubuhi mpaka watu wakaanza kutuuliza siku za mapumziko kwa nini hatujapita.

Sasa ni mwaka wa tatu. Sitakudanganya. Swabra bado huanguka, si mara nyingi. Mguu bado unaburura. Fizi zimeshuka, na akicheka unaona meno. Anakula kwa kijiko, anaonyesha picha ya choo akitaka choo, na amelirudia neno maji, analitamka kwa sauti ambayo sisi tu tunaijua. Kuisahau hodi kulichukua muda. Walimu walianza kwa kumpa tende mlangoni badala ya ghalani, hatua kwa hatua, hata akajifunza kwenda kufungua. Siku hizi mgeni akija kwetu hukutana naye kwanza. Ukiwa na mtoto kama huyu, usikubali kuambiwa haelewi na mtu aliyemjaribu mara moja. Jaribu tena. Badili neno, badili sauti, jaribu tena. Na shule ikikuambia ungoje, ngoja, lakini piga simu.

Kuna mama mmoja wa Buxton aliyekuwa akija kwenye mikutano ya wazazi na mahamri ya kugawia watoto wote. Aliketi nyuma, alisikiliza, akaondoka. Nilidhani ni mfadhili, au jamaa wa mpishi. Mkutano wa mwisho wa mwaka jana tuliketi pamoja, nami nikamuuliza, kama tunavyoulizana sote pale, wake ni yupi.

"Wangu alikuwa Feisal," akasema. "Alikuwa akikaa pale alipo Swabra."

Nilimtazama. Akaendelea kupanga mahamri kwenye sahani.

"Nilikuwa nasikia kuna mtoto anakaribia saba na nafasi hana. Mwalimu alikuwa akitwambia tumwombee."

Feisal alizikwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi, hitima haijasomwa, mamake aliinuka kwenye mkeka wa matanga, akampigia Mwalimu Mbithe, akamwambia kile kiti kisikae kitupu mpaka Jumatatu ipite. Mwalimu alikata simu hiyo, akanipigia mimi.